AnkiDroid kwa wanafunzi wa lugha: nzuri, ila zima data kwanza

Mwanafunzi wa Kifaransa au Kichina pale Mlimani anayetaka programu moja tu ya kukariri msamiati achukue AnkiDroid. Kwenye Android ni ya bure, haina matangazo, na kadi (swali upande mmoja, jibu upande wa pili) zikishaingia kwenye simu haihitaji bando, hata daladala ikikwama kwenye foleni ya Mwenge. Mwenye iPhone ajipange: AnkiMobile, toleo la iPhone, inauzwa dola 24.99.

Kazi yake ni kukurudishia kadi unapokaribia kuisahau, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kadi ikikushinda bonyeza kitufe cha Again (tena), si Hard (ngumu). Ukibonyeza Hard, programu inaelewa umepatia ila kwa tabu, kwa hiyo inaisogeza mbele. Ukiibonyeza kwa kujionea aibu, neno usilolijua linatoweka siku kadhaa, mkutane tena kwenye chumba cha mtihani.

Kosa jingine ni tamaa. Programu huja imepangiwa kadi mpya 20 kwa siku. Unaziona chache, lakini baada ya wiki kadhaa marudio ya kila siku yanakaribia 200, na ukiruka siku mbili tu kipindi cha majaribio ya darasani, huo mrundikano utakufanya uifute. Ingia kwenye mipangilio ya fungu la kadi, shusha hadi 8 au 10. Tengeneza kadi zako mwenyewe: sentensi fupi kutoka somo la wiki hii, neno moja limefichwa. Nomino ya Kifaransa iandike na kibainishi chake, "une voiture", vinginevyo utajua neno bila kujua jinsia yake. Kwa Kichina, herufi upande mmoja, upande wa pili pinyin (matamshi kwa herufi za Kilatini) yenye alama za toni pamoja na sauti. Unaweza kurekodi humohumo.

Mafungu makubwa yaliyotengenezwa na wengine hula bando kwa sababu ya sauti na picha. Yashushe ukiwa kwenye waifai.

Usumbufu unatoka pembeni. Arifa ya grupu la kozi inadondoka juu ya kadi, unafungua "mara moja", nusu saa imekwenda. Kuondoa mlio hakutoshi. Zima data kabisa. Upo pia usumbufu unaojifanya kusoma: kuhangaika na rangi na fonti za kadi usiku kucha.

Kuongea programu haifundishi, kwa hilo nenda Alliance Française, Upanga, au Taasisi ya Confucius hapohapo chuoni. Na fungua akaunti ya AnkiWeb, hifadhi ya kadi mtandaoni, ni bure, uoanishe kila unapopata mtandao. Simu ikikwapuliwa Kariakoo, kadi zako zipo.