Santuri Niliyoilipia Mapema Ikachezwa na Wengine

Nianze kwa kuwatendea haki. Duka hili la katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambalo huwaagizia wateja santuri kutoka Ulaya kwa malipo ya awali, linafanya kazi ambayo wafanyabiashara wengi hawaigusi, kwa kuwa muziki wa kielektroniki na roki ya progresivu, ile yenye vipande virefu na tata, havina wanunuzi wengi hapa kwetu. Oda yangu iliandikwa vizuri, risiti nilipewa, na mzigo haukuchelewa sana. Kwa sababu hiyo nilikusudia kuwapa nyota tatu.

Shabiki wa muziki huu ni mtu wa kusubiri. Tool, bendi ya roki ya Marekani, walituweka kuanzia mwaka 2006 hadi 2019 bila albamu mpya. Aphex Twin, mtunzi wa muziki wa kielektroniki wa Uingereza, naye hakutoa albamu mpya tangu 2001 hadi 2014, na puto lake la kijani la kuitangaza albamu lilipoonekana angani London, sisi tulioko mbali tulipigiana simu kwa furaha. Mimi hasa ni shabiki wa Steven Wilson, mwanamuziki wa Uingereza, kwa sababu mtu huyo mmoja ananipa gitaa na mitambo ya kielektroniki kwa pamoja. Albamu yake ya The Future Bites ilipangwa kutoka Juni 2020, korona ikaisogeza hadi Januari 2021, nami nikavumilia. The Overview ya Machi 2025 ilipotangazwa, nililipa mapema, kisha nikajizuia nisisikie hata kipande kimoja mtandaoni. Ina vipande viwili tu, kimoja kwa kila upande wa santuri, cha dakika 23 na cha dakika 18. Kazi ya namna hiyo nilitaka niianze mwenyewe, nyumbani, usiku, simu ikiwa imezimwa.

Nilipofika kuichukua, nailoni ya jalada ilikuwa imechanwa. Nikaitoa sahani palepale kaunta, nikaona alama za vidole vilivyokuwa na mafuta, na mkwaruzo mwembamba mwanzoni mwa upande wa pili. Nikamuuliza kijana wa kaunta kulikoni. Bila hata kuinua macho kwenye simu yake akanijibu, "Tuliipiga kidogo hapa dukani, mzee. Kwani muziki ukisikilizwa unapungua?" Wenzake wawili wakacheka. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii ni mali ya mtu, imelipiwa." Akasema kama siitaki niiache, wateja wapo.

Huyo mteja mwingine yuko wapi? Kama angekuwepo, duka lisingenidai malipo yote kabla ya kuagiza. Na hata kama yupo, kijana anapata wapi haki ya kufungua kilicho changu, kukichezea, kisha kunitisha nacho mbele ya watu? Msamaha sikuupata, wala kitambaa cha kufutia.

Nyumbani niliisikiliza, na albamu yenyewe ni nzuri kupita nilivyotarajia. Upande wa kwanza unajengwa taratibu, kipande juu ya kipande, mpaka gitaa linapopaa mwishoni na kukuacha umesimama katikati ya sebule. Upande wa pili unafunguliwa na midundo ya kielektroniki, huku sauti ya mwanamke, Rotem, mke wa Wilson, ikitaja majina ya vitu vya angani na ukubwa wake kwa vipeo vya kumi. Hapo ndipo penye mkwaruzo. Kila sahani inapozunguka, tiki. Anataja mwezi, tiki. Anataja nyota, tiki. Sehemu hiyo, iliyotungwa ili mtu ahisi udogo wa dunia yake, mimi naisikia pamoja na uzembe wa kaunta ya watu.

Nilisema nyota tatu. Nimeandika mpaka hapa na moyo umezidi kuchafuka, kwa hiyo nazifuta. Nawapa moja, nayo ni ya aliyefunga mzigo huko ulikotoka, kwa maana kona za jalada zilifika bila kukunjika. Wapo watakaosema hatuna duka jingine la kutuagizia. Ni kweli, na ndiyo maana kijana yule anathubutu. Kwao kuna malipo yangu ya albamu mbili zijazo, moja ya kielektroniki na nyingine ya gitaa. Mwenye duka akisoma hapa, naomba anirudishie fedha zote, na anipigie simu yeye mwenyewe, si yule kijana.