Hoteli ya vikapu Iringa: chumba safi, mlangoni wamenichefua

Niseme mapema kwamba kitanda kilikuwa kizuri, maana nikishaingia kwenye yaliyonipata sitakumbuka tena kukisifia. Blanketi mbili nzito, shuka zimeanikwa juani, na kwa mji uliokaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, tena baridi ikiwa imeshaanza kung'ata, hilo si jambo dogo. Maji ya moto yalitoka. Intaneti ilikuwepo ilipojisikia. Mengine, sijui ukubwa wa chumba, sijui bei, ingia kwenye ukurasa wao utayakuta. Picha ni za kweli, hapo hawajadanganya.

Jina lao silitaji. Ni nyumba ya zamani ya mawe iliyokarabatiwa, vyumba vichache, kwenye mitaa ile ya jirani na soko kuu ambayo siku hizi imechangamka. Barazani mafundi cherehani, pembeni kijana anauza michoro yake, mbele kidogo vikapu, halafu mgahawa wa kahawa. Ukitembea kidogo umefika Boma, lile jengo la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho. Mimi nimekulia Iringa. Zamani mitaa hii tulikuwa tunaikatiza tu kwenda kununua mafuta ya taa, leo mtu anatoka Dar kuja kupiga picha mlango wa mbao. Sina kinyongo na hilo. Mtaa ukipata pesa na watu wake wakapata, nani analalamika?

Ndani wamejipamba hasa. Ukuta mzima wa mapokezi ni vikapu vya milulu, zile nyasi za kusukia, vikubwa kwa vidogo. Kuna picha kubwa ya jiwe la Gangilonga, kuna mikuki, kuna picha ya bibi mmoja wa Kihehe anasuka kikapu, amechekea kamera. Vyumba havina namba, vina majina ya historia yetu. Mimi nilipewa Lugalo, kwa heshima ya pale Mkwawa, mtemi wetu Wahehe, alipowavamia Wajerumani mwaka 1891 akawamaliza na kamanda wao Zelewski. Na mlangoni, unapokanyaga, kuna zulia la katani limeandikwa KAMWENE, salamu yetu ya Kihehe, kwa herufi kubwa. Nilifika usiku na basi la Dodoma, nikapanda bajaji kutoka stendi ya Igumbilo, nimechoka hoi, nikaliona lile zulia nikacheka peke yangu. Nikasema leo nimefika nyumbani.

Sasa sikiliza.

Asubuhi yake nilikuwa na miadi na shangazi yangu. Shangazi anaishi Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Umri umekwenda, lakini hana gubu wala uvivu, akiambiwa mwanawe amekuja anapanda gari la kwanza. Tulikubaliana anipitie hotelini tunywe chai, halafu twende wote kwenye shughuli ya ukoo iliyonileta. Kwa kuta zile nene za mawe, simu chumbani haishiki mtandao mpaka uibandike dirishani, na hilo hakuna aliyenitahadharisha. Kwa hiyo Shangazi alipopiga, hakunipata. Akafanya ambalo mtu yeyote angefanya. Akaenda getini akamsalimia mlinzi, akasema namfuata mwanangu, akataja jina langu kamili.

Mlinzi akaingia ndani, akatoka, akamwambia asubiri nje.

Nilipotoka kwenda kunywa chai, jua lilikuwa limeshapanda. Nikachungulia barabarani kutazama kama anakuja. Nikamwona shangazi yangu ameketi ukingoni mwa mtaro, kajifunika khanga mbili na sweta, upepo unampiga usoni, kikapu chake miguuni. Ndani ya kikapu kuku jike mwekundu, amefungwa miguu, ametoa kichwa anatazama bodaboda zinavyopita. Kando, mfuko wa maharage ya njano. Nikamuamkia. Akaitika kwa furaha kabisa, akanipa pole ya safari, akaniuliza watoto hawajambo. Hakulalamika. Nilimuuliza umekaa hapa tangu saa ngapi, akajibu, "Si muda mrefu, mwanangu." Ukimjua Shangazi, utajua hilo jibu maana yake ni asubuhi nzima.

Nikarudi ndani. Pale mapokezi kuna dada mmoja, kavaa vizuri, kucha ndefu, anaongea taratibu kama anasoma taarifa ya habari.

"Dada yangu, kuna mama alinifuata akataja jina langu. Mbona sikuitwa?"

"Tuna utaratibu. Wageni wasiolala hapa wanasubiri nje."

"Nje barabarani?"

"Kuna kivuli pale."

Kivuli! Iringa, asubuhi, msimu wa baridi, mtu mzima anaambiwa kuna kivuli. Nikamwonyesha ubao wao wenyewe, upo hapo hapo nje, umeandikwa mgahawa uko wazi kwa watu wote. Kama uko wazi kwa wote, kwa nini asingeingia akakaa kwenye kiti, akasubiri kama binadamu? Dada akatazama kompyuta yake. Ndipo akatoa lile neno ambalo mpaka sasa nikilikumbuka damu inachemka:

"Samahani, tulidhani anauza kuku."

Kwanza, hata kama angekuwa anauza kuku. Muuza kuku hanyimwi kiti. Pili, mtu ametaja jina la mgeni wenu, jina ambalo mmeliandika nyinyi wenyewe kwenye kitabu usiku, mkanidai na kitambulisho. Muuza kuku gani anazunguka mjini anajua majina ya watu waliolala Lugalo? Tatu, wakati tunazungumza hayo, wameingia vijana wawili wazungu, viatu tope mpaka kwenye vifundo, hawalali pale, wamekuja kuulizia kahawa tu. Mlinzi kawafungulia geti lote. Wakalikanyaga lile KAMWENE wakaliacha jeusi. Vijana wenyewe sina neno nao, walinisalimia kwa Kiswahili kizuri tu.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Hoteli hii inauza ziara. Wanakulaza kwao, kesho yake wanakupakia kwenye gari wanakupeleka Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, ukaone lile fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wageni wanashuka pale kijijini, na kina nani wanawapokea, wanawasalimia, wanawaonyesha njia? Kina Shangazi. Hakuna mgeni aliyewahi kuambiwa na Shangazi asubiri kivulini. Sasa yeye kaja mjini siku moja, mlango umemshinda.

Nilimwingiza mwenyewe, na kuku wake. Nilimshika mkono, nikasema nataka nione atakayetuzuia. Hakuna aliyetuzuia. Ghafla kila mtu akawa karibu mama, karibu mama. Shangazi akasimama mbele ya ukuta wa vikapu, akasahau kabisa kwamba mimi nimekasirika. Amesuka tangu akiwa binti. Akakishusha kimoja, akakigeuza chini juu, akabonyeza kitako kwa kidole gumba, akavuta ukingo kidogo kuona kama unarudi. Haukurudi. Akaangalia kibandiko cha bei, akaniuliza ni shilingi au ni nini. Yule dada akamwambia kutoka kule kwenye kaunta:

"Bibi, tafadhali usiguse, ni mapambo."

Shangazi akakirudisha polepole. Akaniambia kwa Kihehe, na mimi nitawapa kwa Kiswahili, kwamba aliyesuka kile alikuwa na haraka, na milulu yake haikukauka vizuri. Basi. Hakusema zaidi. Tulipoketi ndipo akaniuliza chumba changu kinaitwaje, nikamwambia Lugalo. Akacheka mpaka akafuta macho. "Unalala Lugalo halafu mlinzi mmoja anakushinda?"

Hapo ndipo ningeishia, na nyota moja ningewapa, tena kwa ajili ya blanketi. Lakini lazima niwe mkweli, kwa sababu kuna mtu pale ndani hastahili hasira yangu, na huyo ni mpishi.

Kumbe wakati Shangazi yuko mtaroni, mpishi alitoka kumwaga maji akamwona. Akadhani naye anauza, akaulizia bei ya kuku. Shangazi akamwambia huyu hauzwi, ni wa mwanangu amelala humo. Mpishi hakuuliza maswali. Alirudi ndani akamletea kikombe cha chai ya maziwa yenye tangawizi, na andazi, na kigoda cha jikoni. Kigoda Shangazi alikikataa, alisema atamnyima kazi kijana wa watu. Chai alikunywa. Huyu kijana hana kucha ndefu, ana aproni ina doa la nyanya, lakini pale hotelini ni yeye peke yake aliyeelewa maana ya zulia la mlangoni.

Halafu akafanya la pili. Alitoka akatuambia, "Mama, kama hamna haraka nipeni huyu kuku niwapikie." Akamchinja, akamnyonyoa kwa maji ya moto huko uani huku anamsimulia Shangazi habari za kwao Mufindi, akambanika kwanza kwenye mkaa kabla ya kumtia kwenye mchuzi. Ugali ulikuja mgumu unavyotakiwa, na maharage ya Shangazi nayo yakapelekwa jikoni yakapata nazi sijui aliitoa wapi. Wenyeji wanajua kuku wa kienyeji akipikwa haraka ni raba tupu. Huyu alichukua muda wake, na sisi tulikaa mpaka shughuli ya ukoo ikaanza bila sisi. Sijajuta. Nilishaanza kulainika. Nilishasema moyoni hawa watu nitawapa nyota nne, yule dada ni wa kuelekezwa tu, ni mtoto mdogo, ndiyo kwanza anaanza kazi.

Kesho yake naondoka, naletewa hesabu.

Chumba, sawa. Maji ya chupa, sawa. Chini yake: "Huduma ya jiko, 15,000." Chini yake tena: "Chai, mgeni wa nje, 3,000."

Mgeni wa nje! Wameandika wenyewe, kwa mkono wao, kwenye risiti, kwamba walimkalisha nje. Na ile chai ambayo kijana aliitoa kwa huruma, wao wameigeuza biashara. Nikauliza hii ni nini, yule dada akanijibu taratibu vilevile, kwamba kila kinachotoka jikoni lazima kilipiwe, na kama sitaki kulipa, itakatwa kwa aliyetoa bila kuandika. Maana yake mpishi. Nililipa. Nililipa shilingi elfu tatu kwa chai iliyonywewa mtaroni, na elfu kumi na tano kwa kumpika kuku wetu wenyewe, kwa sababu sikutaka kijana yule akatwe hata senti. Kisha nikaenda uani nikampa na yake mkononi. Alikataa, nikamfungia kwenye aproni.

Meneja alinipigia baadaye, nilipokuwa nimesharudi Dodoma. Mtu mpole. Akanieleza kwamba ule utaratibu wa getini ni kwa usalama na faragha ya wateja, kwamba wamesikitika, na kwamba safari ijayo nitapata punguzo. Nikamuuliza punguzo ni kwangu au kwa shangazi yangu? Akacheka kidogo, akadhani natania. Nikamwambia kitu kimoja tu: weka benchi ndani ya geti, na umfundishe mlinzi kupiga hodi chumba cha mgeni. Hamna simu za vyumbani na kuta zenu hazipitishi mtandao, sasa mtu akinifuata nitajuaje? Akasema atalifikisha kwa mwenye hoteli. Alifikishe.

Je, uende? Ukiwa mgeni huna ndugu mkoa mzima wa Iringa, nenda, utafurahia, kweli kabisa. Utalala vizuri, asubuhi utatembea mpaka Gangilonga na kurudi, utapendwa. Ukiwa mwenyeji una shangazi, una mjomba, una watu watakaokuja na maharage, tafuta gesti yoyote ya Mlandege, godoro litakuuma mgongo lakini mhudumu atakugongea mlango akuambie kuna mzee wako hapa.

Na kama bado unang'ang'ania pale pale, basi omba chumba chenye dirisha la barabarani ili simu ishike na getini uone mwenyewe. Kuku mpe mpishi mkononi, usipitishe mapokezi. Na risiti isome kabla hujatoa pesa, mstari kwa mstari.