Boksi la kupimia maji kwa matone: uzoefu wangu

Wenye bwawa la kuogelea nyumbani someni hii. Langu ni la lita 40,000, niko Mbezi Beach, na kwa miezi kama minne maji yalikuwa yanageuka kijani kila baada ya siku tatu nne, fundi anakuja anamwaga klorini, yanakaa sawa wikiendi halafu kijani tena, watoto wakitoka humo macho mekundu. Mi nanunua vidonge tu, ndoo baada ya ndoo.

Muda wote nilikuwa napima kwa vile vikaratasi vya kuchovya, vinasema klorini ipo. Mwezi uliopita ndo nikanunua boksi la matone, na hili linapima mpaka stabilaiza, ile dawa inayokinga klorini isiliwe na jua. Unachanganya maji na dawa yake yanakuwa na ukungu, unamimina kidogo kidogo kwenye kichupa chenye nukta nyeusi chini, nukta ikipotea unasoma namba. Yangu ilipotea mapema mno, ikabidi nichanganye nusu maji ya bwawa nusu ya kunywa halafu nizidishe mara mbili, ikaja miligramu 150 kwa lita. Inatakiwa 30 mpaka 50! Kumbe vile vidonge vina klorini na stabilaiza humohumo, klorini inaisha ila stabilaiza inabaki inajilimbikiza, mwisho klorini ipo majini lakini nguvu hana.

Hapo hakuna dawa zaidi ya kumwaga maji. Roho iliniuma jamani, maji ya boza ni hela, ila nikatoa nusu nikajaza, wiki iliyofuata nusu tena, ikashuka chini ya 40. Sasa natumia klorini ya maji, naweka jioni jua likishazama, naiacha kwenye miligramu 3 kwa lita, na pH (kipimo cha asidi ya maji) nairudisha 7.4 kwa asidi maana ikifika 8 klorini inalegea kabisa. Na tafadhali, klorini ya unga na vidonge msivichanganye hata kwenye kikopo kimoja cha kupimia, vinaweza kulipuka.

Kasoro zipo. Rangi huwezi kuisoma vizuri usiku chini ya taa, na matone hayataki joto la stoo, mi nayaweka kabatini ndani. Chupa ya matone ya klorini ndo inawahi kuisha, yangu imebaki robo na duka nililonunua hawauzi moja moja, mpaka boksi zima. Anayejua wanapouza chupa peke yake hapa Dar aniambie.