Nimeipasua sensa ya hewa iliyokufa baada ya wiki 11

Sensa hii, kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, niliinunua mpya, ndani ya boksi lake, kuchukua nafasi ya ile iliyokuja na gari. Jina la kwenye boksi silitaji, maana umbo lile lile linauzwa kwa majina mengi. Nilichokiona ndani ndicho cha maana kwa yeyote anayetaka kununua.

Kwa nje haina kosa. Iliingia kwenye bomba la hewa bila kulazimishwa, mpira wake ukakaa sawa, soketi ikashika kwa mlio, skrubu mbili zikapata matundu yake. Gari likawaka mara ya kwanza. Lakini siku ile ile niliunganisha mashine ya kusoma injini nikaona kompyuta inaongeza petroli asilimia 12 juu ya hesabu yake ya kawaida. Nilipaswa kuishuku hapo hapo. Kila gramu 14.7 za hewa zinataka gramu 1 ya petroli. Sensa ikitangaza hewa pungufu kuliko iliyopita, petroli inatolewa kidogo, halafu sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inalalamika na kompyuta inaanza kufidia. Mimi nikasema moyoni, mradi taa ya injini kwenye dashibodi haijawaka, twende.

Wiki ya 11 taa ikawaka. Silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikawa inapanda na kushuka, na nikisimama kwenye foleni injini inazima kabisa. Mashine ikatoa msimbo wa kosa P0102, yaani umeme wa ishara umeshuka chini ya kiwango. Nikachomoa soketi ya sensa, na gari likatembea vizuri kuliko ilipokuwa imechomekwa! Bila sensa, kompyuta inakisia hewa kwa kuangalia throto (mlango wa hewa ya injini) imefunguka kiasi gani, na kisio hilo lilikuwa bora kuliko taarifa ya kifaa kipya.

Basi nikaipasua. Kifuniko kimebandikwa kwa gundi ya silikoni. Ukikipasha kwa draya ya nywele na kupitisha wembe pembeni taratibu, kinaachia. Nikaweka pembeni yake ile sensa ya asili, ambayo nayo ilikuwa imekufa. Ile ilifika kilomita 190,000, na niliyeiua ni mimi: niliisafisha kwa pamba ya masikio, na kiini chake kikakatika. Inauma kuandika hivi, lakini kuna mtu ameshika pamba muda huu.

Kiini chenyewe ndicho roho ya kifaa. Ni kijiti kidogo kuliko punje ya mchele: waya wa platinamu mwembamba sana umezungushwa kwenye kigogo cha kauri na kufunikwa kwa kioo. Saketi inakipasha moto kiwe na joto zaidi ya hewa inayopita, na tofauti hiyo haitakiwi kubadilika. Hewa ikiongezeka inakipoza, basi umeme mwingi zaidi unahitajika kukirudisha kwenye joto lake, na umeme huo ndio kipimo. Karibu yake kuna kijiti kingine kinachosoma joto la hewa yenyewe, ili baridi ya asubuhi isihesabiwe kuwa upepo.

Ndani ya sensa ya asili, saketi imelala chini ya jeli laini, angavu kama ute wa yai. Ukiifuta unakuta kibao cheupe cha kauri, nyaya nyembamba kuliko unywele, na vipande vyeusi vya rezista (vizuizi vya umeme) vyenye mikato midogo ya leza, kila kimoja kimekatwa mpaka kipimo cha sensa hiyo moja kikakaa sawa. Niliiangalia kwa lenzi muda mrefu. Kuna mtu alijali.

Ndani ya ile mpya hakuna jeli. Ni bodi ya kijani ya kawaida, rezista za kawaida, hakuna mkato hata mmoja. Asilimia 12 zangu naamini zilianzia hapo. Na pale ambapo sensa ya asili imechomelea miguu ya kiini chuma kwa chuma, hii imelehemu kwa risasi. Kwa lenzi niliona ufa umezunguka tone la risasi kama pete. Nikashika miltimita ya kupima umeme, nikagusa mguu wa kiini kwa kijiti cha mbao: omu (kipimo cha ukinzani) zikapotea, zikarudi, zikapotea. Risasi inayopashwa na kupozwa kila safari, huku injini inatetemeka, haiwezi kuvumilia kazi hiyo.

Nampa mtengenezaji 1 kati ya 5, kwa soketi na mpira. Ukitaka kununua, chungulia kwanza mdomoni mwa sensa kwa tochi: ukiona matone ya risasi yanang'aa kwenye miguu ya kiini, irudishe. Na kama ya asili bado ipo, ipulizie dawa maalumu ya kusafishia sensa, usiiguse kwa kitu chochote, iache ikauke kabisa kabla ya kuichomeka.

Sasa nimefunga ya asili iliyotolewa kwenye gari lingine. Nyongeza ya petroli imeshuka hadi asilimia 2, na silensa imetulia.