Wodi ya wazazi ya kituo chetu cha afya, Pemba: nyota nne, na ya tano iko dirishani

Kituo chenyewe kipo huku kaskazini upande wa Wete, wa huku washajua nakisema kipi. Nilimpeleka wifi yangu kujifungua na nimerudi na mengi ya kusema.

Watu wakisifia hospitali husifia jengo. Hata sisi Pemba tunaringa na Abdalla Mzee kule Mkoani, imejengwa upya kwa msaada wa China ikafunguliwa 2016, na ni jambo la kushukuru. Sasa hichi kituo ninachokisema hakina fahari hiyo kabisa, rangi imechujuka, mabenchi ya nje hayatoshi wengine wanakaa barazani, lakini wale wafanyakazi wanavyoishi wenyewe kwa wenyewe mashaallah, mie sijapata kuona pengine.

Ntakupa mfano. Wifi alifika jioni, uchungu wa mbali mbali, miguu imevimba. Daktari akamuangalia akasema bado sana, anaweza kurudi nyumbani. Yule mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa anajaza kadi akapima presha, 150 kwa 100, akasema "Daktari samahani, mie hii presha sijaridhika nayo, naomba asiondoke kwanza nipime tena." Roho ilinipanda juu. Mie nimewahi kufanya kazi wodini miaka ya nyuma, sitaji wapi, na huko mwanafunzi akisema vile angeulizwa "wewe nani?" mbele ya wagonjwa na siku ya pili angenyamaza hata akiona moto. Huyu daktari alirudi akakaa, presha ikapimwa tena ikatoka ileile, mkojo ukapimwa una protini, akamwambia pale pale mbele yetu "ahsante mwanangu, umefanya vizuri kusema."

Kwa wasiojua, presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki 20 za mimba na mkojo una protini, hapo mama anakodolewa macho maana kifafa cha mimba hakiko mbali, na kikija kinaweza kumchukua mama na mtoto wote wawili. Sindano ya kukizuia ipo, magnesiamu salfeti, dawa ya zamani tu. Lakini dawa itakaa kabatini na mgonjwa atakufa kama alieona tatizo anaogopa kufungua mdomo! Hili linaniuma kwa sababu nimeliona.

Usiku presha ikazidi kupanda, wakaanza sindano wakaita gari apelekwe hospitali kubwa, na nesi hakutuachia karatasi tu tujipeleke, alipanda nae garini, na kabla ya hapo keshapiga simu kueleza presha ilianza ngapi, kapewa nini, saa ngapi. Tulipofika tukakuta wanamsubiri. Kajifungua salama, mtoto wa kike, alhamdulillah.

Baadae nilirudi kushukuru nikakuta zamu zinapokezana. Wanasimama kitanda kwa kitanda, kila mtu anajitaja jina na kazi yake, hata mama wa usafi anaulizwa usiku umeonaje. Mtu atasema kujitaja majina ni mchezo wa kitoto. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ile orodha ya ukaguzi ya upasuaji 2008, moja katika mambo yake ni hilo hilo, kila mtu ndani ya chumba ajitaje jina na kazi yake kabla mgonjwa hajachanwa. Ilijaribiwa hospitali 8 duniani, moja ni ya hapa Tanzania, Ifakara, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Mtu ukishasema jina lako mbele ya mkubwa, kusema la pili si kazi tena.

Nikamuuliza nesi mmoja mtu mzima, dada hapa mkikosea inakuwaje? Akanambia mkuu wao anaanza na "kimetokea nini", la nani kafanya halafu, na wakishajua wanabadilisha kitu siku ile ile, kwa mfano trei ya dharura sasa ina lebo kila dawa na mahali pake. Hiyo lebo wanaifata ile 5S, utaratibu wa Wajapani wa kupanga mahali pa kazi, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, ambao hapa Tanzania ulianzia hospitali ya Mbeya 2007. Vituo vingi wamebandika karatasi yake ukutani basi. Hawa wanaufanya. Na mtafiti mmoja wa Kimarekani, Amy Edmondson, alipochunguza wodi miaka ya 1990 alikuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zinazoripoti makosa mengi zaidi, kwa vile hawafichi.

Sasa dirisha la dawa. Linafungwa adhuhuri bila kuambiwa linafunguliwa lini, foleni ya kinamama na watoto inakaa juani, ukiuliza unajibiwa mkato. Nilikasirika mwanzo. Lakini nikaangalia vizuri, yule kijana yuko peke yake tangu asubuhi mpaka jioni, hana wa kumpokea hata aende kusali, na kwenye kile kikao cha asubuhi cha kupokezana zamu haitwi kwa sababu eti dawa si wodi. Wenzake wote wanaulizwa wameonaje, yeye haulizwi! Mkuu wa kituo nakuomba kwa heshima, muite na yeye, na mpe hata mtu wa kumpokea kwa muda wa saa moja mchana.

Mnaokwenda nendeni na kadi ya kliniki, kanga za kutosha na chupa ya chai kwa msindikizaji maana usiku hakuna pa kununua kitu. Na mama akisema kichwa kinamuuma sana au macho yanaona maluweluwe msingoje asubuhi, mwambieni yeyote mnaemkuta pale, hata mwanafunzi, atasikilizwa.