sftp ya kwenye terminali: maoni yangu baada ya kuitumia kila siku

Niseme mapema tu, mi hii kitu naipenda. Nazungumzia ile sftp, programu ya kupandisha na kushusha faili kati ya kompyuta yako na seva, inayokuja na OpenSSH (programu za bure za SSH, yaani njia salama ya kuingia kwenye seva iliyo mbali), sio zile programu za madirisha mawili unaburuta faili kwa mausi. Hii ni terminali tupu, unaandika sftp, jina lako, alama ya @, jina la seva, unapiga enta, inakuletea sftp> afu inatulia. Anayeiona mara ya kwanza anadhani imekwama, kumbe ndo iko tayari inasubiri amri.

Kilichonifanya niing'ang'anie ni siku moja nilikuwa napandisha bakapu ya database, GB 4 hivi, imefika asilimia 71 intaneti ikakata. Nikajua usiku wote umepotea. Nikaingia upya, nikaenda kwenye folda ileile, badala ya put (amri ya kupandisha) nikaandika reput na jina la faili, nikaona inaanzia palepale kwenye 71, sio sifuri! Kwa kushusha ni reget, mambo ni yaleyale. Ila lazima ujue kwamba haikagui kilichomo kwenye kile kipande kilichotangulia, inaamini tu kuwa ni mwanzo wa faili hiyohiyo, kwa hiyo kama katikati hapo ulitengeneza bakapu upya kwa jina lilelile utaishia na faili yenye kichwa cha jana na mkia wa leo, na haifunguki. Mi nikimaliza napiga sha256sum, amri inayotoa alama ndefu kutokana na kilichomo kwenye faili, huku na kule (kule naingia kwa ssh ya kawaida, maana sftp haiendeshi amri za seva), zikifanana herufi kwa herufi ndo nafuta ya huku.

Kinachowapoteza wanaoanza ni kujua uko upande gani. ls inaonyesha faili za kwenye seva, lls inaonyesha za kwenye kompyuta yako, hivyohivyo cd na lcd, pwd na lpwd, yaani ukiona hiyo l ya mbele jua ni kwako. Nawashauri wote kabla ya put yoyote piga pwd na lpwd, sekunde mbili tu. Kitu kingine ni porti, kwenye ssh unatumia -p ndogo ila huku ni -P kubwa, na ile ndogo ina kazi nyingine kabisa ya kutunza tarehe za faili, nimeona watu wanahangaika nusu saa kwa ajili ya herufi moja.

Kuhusu usalama, hapa ndo siwezi kukaa kimya. FTP, ile njia ya zamani ya kuhamisha faili, inatuma paswadi yako wazi kabisa njiani, aliyekaa katikati anaisoma kama anavyosoma meseji. SSH yenyewe ilizaliwa hivo, Tatu Ylönen aliitengeneza Finland mwaka 1995 baada ya mtu kunasa paswadi za watu kwenye mtandao wa chuo chake, afu mwaka 1999 watu wa OpenBSD (mfumo endeshi wa bure) wakatoa OpenSSH, ndo hii tunayotumia bure mpaka leo. Na sftp inapita mulemule kwenye ssh, porti 22 moja inatosha, hakuna ile shida ya FTP ya kufungua muunganisho wa pili unaogombana na fayawoli.

Ukiunganisha mara ya kwanza itakuonyesha alama ya kidole ya seva, mstari unaoanza na SHA256, na kukuuliza kama unaendelea. Wengi wanaandika yes bila kusoma. Jamani, muulize anayesimamia seva akutumie hiyo alama, ulinganishe, ni mara moja tu kwa sababu inahifadhiwa kwenye faili ya known_hosts ya kompyuta yako na siku ikibadilika utapigiwa kelele kwa herufi kubwa. Iliwahi kunitokea, nikasimamisha kazi nikauliza, nikaambiwa seva imejengwa upya jana yake, ndo nikafuta alama ya zamani kwa ssh-keygen -R nikaendelea. Ningeweza kuifuta bila kuuliza, ila siku ambayo sio seva yenu je?

Kuna -l ya kupunguza spidi ili wenzako wasikose intaneti, kumbuka namba yake ni kilobiti, ukiweka 800 unapata kama kilobaiti 100 kwa sekunde. Na kuna -b, unaandika amri zako kwenye faili afu inazifanya yenyewe usiku, hapo unahitaji ufunguo wa SSH (faili inayokutambulisha badala ya paswadi) maana hakuna wa kuandika paswadi, na amri ikigoma inaacha kila kitu hapohapo, kitu ambacho mi nakiunga mkono kabisa.

Mnaotumia scp (amri nyingine ya OpenSSH ya kunakili faili) msijali sana, tangu OpenSSH 9.0 ya 2022 nayo kwa ndani inapita njia ya sftp.

Sasa lawama yangu, na ni kubwa. put haiulizi. Kama kule kuna faili yenye jina hilo inaiandika juu, kimya, hakuna onyo wala hakuna kurudi nyuma. Nilishawahi kupandisha config (faili ya mipangilio) ya majaribio juu ya config ya kazi, tovuti ikalala dakika arobaini natafuta kopi ya zamani huku simu zinaita. Natamani sana wangeweka japo swali moja la ndio au hapana. Kwa sasa kila faili muhimu naipa kwanza jina jingine kulekule kwenye seva, rename config.php config.php.zamani, napiga ls nihakikishe ipo, ndo naandika put.