Jeso ya kopo juu ya amerikani: uzoefu wangu

Kwa wachoraji wenzangu wa Nairobi: nimeacha kanvasi za bei nafuu zinazouzwa zikiwa tayari. Siku hizi nanunua kopo la jeso ya akriliki, yaani mpako mweupe wa kuandaa kitambaa kabla ya kuchora, na kuipaka mwenyewe juu ya amerikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na sina mpango wa kurudi nyuma.

Kilichonifukuza kwenye zile za dukani ni jinsi zinavyokunywa rangi. Dondoshea tone la maji: likizama papo hapo, ujue rangi nayo itafyonzwa, na picha ikikauka itapauka. Bluu uliyoichanganya kwa makini, kesho yake ni bluu ya sare iliyofuliwa miaka.

Fremu nachongesha kwa mafundi wa Gikomba. Mwambie fundi apige randa mbao ziinamie ndani, kitambaa kiguse ukingo wa nje peke yake. La sivyo mstari wa mbao utajichora kwenye picha kila ukikandamiza brashi. Kuwamba naanzia katikati ya kila upande nikielekea pembeni, na sivuti kupita kiasi, maana amerikani mbichi hujikaza yenyewe ikilowa na fremu nyembamba inaweza kupinda.

Sasa jeso yenyewe. Ile ya kizamani ya Ulaya, ya jasi au chaki na gundi ya wanyama, inafaa ubao. Juu ya kitambaa hupasuka. Hii ya akriliki hunyumbuka. Mpako wa kwanza nauzimua kwa maji kidogo, yasizidi robo, na kuusugua hadi uingie kwenye nyuzi. Ukikauka napitisha msasa laini, namba 220, nafuta vumbi, kisha napaka wa pili ukikata mwelekeo wa ule wa kwanza. Mipako mitatu hutosha. Kwa picha za sura naongeza wa nne, kwa sababu sitaki nyuzi zionekane kwenye shavu la mtu. Baada ya msasa wa mwisho, pitisha kiganja: ni laini, ila kuna ukwaruzo kidogo sana, na huo ndio unaoshika rangi. Hapo ndipo jeso hii iliponiteka.

Kwa rangi za akriliki naanza kesho yake. Kwa rangi za mafuta nasubiri siku tatu, na Julai, baridi na mawingu yakitanda, zaidi ya hapo. Mafuta yasiguse kitambaa kitupu kamwe, maana huozesha nyuzi polepole.

Bei inauma, bidhaa hii inatoka nje, ingawa kopo la lita moja huenda mbali. Najua wengi wanatumia rangi ya ukuta badala yake. Kwa mazoezi, sawa. Lakini kazi ya kumuuzia mtu, tafadhali, usiijenge juu ya rangi iliyotengenezewa simiti. Mteja ataikunja, ataisafirisha, na kitambaa kitacheza.